Mwezi unapopatwa, tusiwaache vijana wetu nje ya mlango wa msikiti

Sifa zote njema anastahiki Allah, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote juu ya nchi yetu. Kivuli cha dunia kilianza kuula yapata saa 1:27 usiku. Kuanzia saa 2:30 hadi karibu saa 3:53 ulikuwa mwekundu mzima, na saa 4:56 ulikuwa umekwisha kutoka kivulini. Kabla ya huo tulishuhudia ule wa Ijumaa tarehe 27 Julai 2018, uliodumu katika wekundu kwa dakika 103, muda mrefu kuliko wote wa karne hii.

Kila jambo hili linapotokea, mvutano ule ule husikika majumbani. Wazee huona kwamba vijana wanaokusanyika uwanjani na simu zao kuupiga picha mwezi wamegeuza ishara ya Mola kuwa tamasha. Vijana nao husema kwamba jambo lililokwisha hesabiwa miaka mingi kabla halina cha kuogopewa wala kuswaliwa. Sisi tunaona kila upande umeshika nusu ya haki na kuiacha nusu nyingine.

Tuanze na vijana. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), mwaka wa 10 Hijria, watu walidhani limehuzunika kwa kifo hicho. Mtume, ingawa alikuwa katika msiba, aliikanusha dhana hiyo. Alifundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, na akaamrisha swala na dua. Basi swala ya kupatwa haikujengwa juu ya ujinga wa sababu. Ratiba iliyobandikwa ukutani mwa msikiti huonyesha dakika ya kuchomoza jua kwa mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa imehesabiwa, Alfajiri imefutwa.

Tuje kwa wazee wetu. Qur'ani, katika Surat Al-Imran, imewasifu wenye akili ambao humkumbuka Allah na huku wakitafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Atatafakari vipi asiyetazama? Sisi watu wa pwani ni watazamaji wa anga tangu jadi: tunapanda mahali palipo wazi kuangalia mwezi mwandamo, na mvuvi hujua bamvua na maji mafu kwa umri wa mwezi. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama jua likipatwa kwa umbo la pete. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewaandikia wananchi magazetini juu ya nyota, ametuonyesha kwamba elimu hii haihitaji kusafiri Ulaya. Huo wekundu wenyewe una mafunzo: ni nuru ya jua iliyopita katika hewa inayoizunguka dunia, yaani wekundu wa machweo na mapambazuko yote ya ulimwengu, umetua juu ya mwezi kwa wakati mmoja.

Muda nao unatosha kwa yote mawili. Usiku ule wa 2025, tangu kivuli kugusa hadi kuachia, zilipita karibu saa tatu na nusu. Swala ni rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, bila adhana wala iqama. Wakishaswali, nani atawakataza vijana kutoka na darubini, wakaegemeza simu juu ya kigogo isitikisike, na kupiga picha ya kweli badala ya kusambaza za kughushi? Mwezi uliopatwa haudhuru macho. Jua ndilo lisilotazamwa bila kinga maalumu.

Ndiyo maana tunatoa rai mapema. Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utachomoza kwetu ukiwa tayari umeanza kuliwa, na utakuwa mwekundu wote kuanzia yapata saa 1:16 hadi 2:28 usiku. Kwa hesabu, huenda ukawa pia usiku wa nusu ya Shaaban. Lakini kwa wengi utakuwa mkesha wa mwaka mpya, na katika mji wa njiapanda kama Mingoyo, ambako barabara ya Masasi huachana na ile ya Lindi na Mtwara, kila mzazi anajua usiku huo unavyoweza kumchukua mtoto. Msikiti na madrasa wakiandaa swala, kisha mwalimu akawaongoza watoto wa kike na wa kiume pamoja na wazazi wao mahali penye giza na usalama, mtoto atakuwa na pa kwenda. Mawingu ya Desemba yanaweza kuuficha mwezi; hata hivyo familia zitakuwa zimekaa pamoja.

Mtoto tunayemfukuza uwanjani hatamfuata imamu kwa kufukuzwa. Tumuite kwanza kwenye safu, kisha tutoke naye tukatazame.

Wabillahi tawfiq.