Hazina ya hamira: nani alipe?
Hamira inayovuka mipaka yetu katika pakiti ni kiumbe cha kwanza chenye seli zenye kiini kama zetu kusomwa jenomu yake yote, mwaka 1996. Habari za jeni zake takriban 6,000 zinatunzwa katika hazina ya data ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyojengwa ili itumiwe na watafiti wa nchi zote.

Kazi ngumu ni matunzo. Wataalamu husoma tafiti mpya na kusahihisha kumbukumbu. Kila mfanyabiashara anajua kuwa daftari lisiloandikwa hupotosha. Mwaka 2016 wafadhili, taasisi ya serikali ya Marekani, walipotaka kupunguza fedha, maelfu ya wanasayansi walipinga. Kutegemea mfuko wa nchi moja ni hatari. Wanaonufaika wachangie.