Tunda Zima, au Mashine ya Juisi?

Watumishi wenzangu hapa Mfaranyaki huniuliza iwapo inafaa kununua mashine ya kukamulia juisi nyumbani kwa ajili ya afya. Nasema haifai. Mashine hiyo hutenga maji ya tunda na makapi, na katika makapi ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi, zinazoshibisha na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Glasi moja huhitaji machungwa matatu au manne. Ni wangapi hula manne kwa mkupuo?

Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipotaka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, liliihesabu humo juisi ya matunda, hata isiyotiwa sukari. Tunda zima halikuhesabiwa.

Tumezoea kudhani kwamba afya hununuliwa dukani, ilhali mchuuzi wa machungwa yupo mlangoni. Anayependa kinywaji atumie blenda aliyonayo, mradi asichuje. Nazo ofisi za umma, zinazohimiza wananchi kujikinga na kisukari, ziondoe soda na juisi za paketi katika vikao vyake, ziweke sahani ya matunda.