Chakula cha Maskini Chapata Heshima

Ndugu msomaji,

Mwezi huu twende mbali. Twende Ulaya, katika nchi ya Kroatia. Nchi hiyo na Italia zinatazamana. Katikati yao ni bahari ya Adriatiki. Hadi mwaka 1991, Kroatia ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Wazee watakumbuka jina la Rais Tito. Yeye alizaliwa Kroatia, katika kijiji cha Kumrovec.

Siku hizi wageni wengi hutembelea Kroatia. Wanafuata bahari na miji ya kale. Wakifika hutaka pia kuonja chakula cha wenyeji. Je, huonjeshwa nini? Huonjeshwa chakula cha wakulima, wafugaji na wavuvi.

Kwanza kuna jibini ya kisiwa cha Pag. Kisiwa hicho kina mawe mengi na majani machache. Upepo mkali uitwao bura hushuka kutoka mlimani. Upepo huo hurusha chumvi ya bahari juu ya majani. Kondoo hula majani hayo. Maziwa yao ni machache, lakini jibini yake ni ngumu na ina ladha ya pekee. Mtu mwingine angesema ardhi ile haina faida. Wafugaji wa Pag hawakusema hivyo.

Pili kuna paja la nguruwe. Hutiwa chumvi, kisha hukaushwa kwa upepo kwa mwaka mzima au zaidi. Huitwa pršut. Asiyekula nguruwe asihofu. Kuna samaki, na kuna pweza aliyepikwa pamoja na viazi. Hufunikwa kwa mfuniko mkubwa wa chuma uitwao peka, na makaa ya moto hupaliwa juu yake. Kina mama wetu wanaijua vizuri kazi hiyo ya kupalia makaa.

Na vinywaji je? Katika pwani ya Kroatia watu hulima mizabibu. Divai nyekundu wengi huichanganya na maji. Mgeni pia hukaribishwa kwa kikombe kidogo cha rakija. Hiyo ni pombe kali ya matunda, kama zabibu au plamu. Kikombe ni kidogo kwa sababu pombe yenyewe ni kali. Mgeni mwenye busara hunywa kimoja akashukuru.

Sasa nije kwenye chakula ninachotaka ukikumbuke. Kinaitwa soparnik. Kinatoka Poljica, sehemu ya vijiji karibu na mji wa Split. Hapo zamani kilikuwa chakula cha maskini. Watu walikila siku za mfungo, siku zisizo na nyama. Ndani yake hakuna nyama wala jibini. Kuna unga, maji, chumvi, vitunguu, mafuta ya zeituni na mboga za majani. Mboga yenyewe unaijua. Ni ile tunayoiita spinachi sokoni.

Hutengenezwa hivi. Mboga huoshwa, hukaushwa na kukatwakatwa. Unga hukandwa, kisha husukumwa uwe mwembamba na mpana kuliko sinia. Mboga na vitunguu hutandazwa juu yake. Unga mwingine uliosukumwa hufunika, na kingo hukunjwa. Kisha chakula huwekwa juu ya jiko la mawe lililopata moto, na kufunikwa kwa majivu na makaa. Kikiiva, majivu hufagiliwa. Hupakwa mafuta na vitunguu saumu, kisha hukatwa vipande.

Ni kazi ya akina bibi. Hawakuisoma katika kitabu. Mama alimwonyesha binti, na binti akamwonyesha binti yake. Lakini vijana wengi wa vijiji vile wamehamia mijini na nchi za nje. Bibi akifa bila kumfundisha mtu, ujuzi wake unazikwa naye.

Watu wa Poljica walifanya nini? Waliungana, na maelezo yakaandikwa: unga gani, mboga gani, moto wa namna gani, na mipaka ya eneo lao. Maandishi hayo yakapelekwa serikalini, halafu katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 jina la soparnik wa Poljica likalindwa kwa sheria. Sasa mfanyabiashara wa mbali hawezi kuuza chakula chake kwa jina hilo. Chakula cha maskini kimekuwa mali ya wenyewe. Mgeni hukinunua, na fedha hubaki kijijini.

Ndugu msomaji, ujuzi ulikuwa wa mikono, lakini ulinzi ulikuja kwa kalamu. Mikono bila kalamu isingetosha. Kalamu bila mikono ya bibi isingekuwa na la kuandika.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Basi nakupa kazi. Mwezi huu mwendee bibi yako, au mzee wa jirani. Mwombe akufundishe chakula kimoja cha zamani. Kaa naye jikoni. Andika vitu vyote anavyotia na vipimo vyake. Andika kinachotangulia na kinachofuata. Kisha msomee ulichoandika, akusahihishe. Daftari hilo ulitunze vizuri. Usilione dogo, maana nao wa Poljica walianza kwa chakula cha siku za mfungo.

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wako