Ujana si Kosa: Kuitetea Rekodi ya Glenn Gould ya 1955

Kila inapotajwa kazi ya Bach iitwayo Goldberg Variations, hakosekani mjuzi wa kusema kwamba rekodi ya Glenn Gould ya mwaka 1981 ndiyo ya kweli, na ile ya 1955 ni mbio za kijana tu. Napinga.

Juni 1955 Gould, Mkanada wa Toronto, aliingia studio ya Columbia mjini New York akiwa na miaka 22. Alirekodi wimbo wa mwanzo uitwao Aria, vipande 30 vilivyojengwa juu ya besi ya wimbo huo, kisha Aria tena. Santuri hiyo, ya kwanza kwake katika kampuni ile, ilitoka mwaka 1956 ikampa jina duniani. Mwaka 1981 aliirekodi upya kazi hiyohiyo. Mwaka uliofuata akafariki.

Silaha ya wapinzani wangu ni saa. Rekodi ya kwanza ina kama dakika 38, ya pili kama 51. Basi, wanasema, kijana aliharakisha. Wanachosahau ni kwamba Bach alitaka kila nusu ya kipande irudiwe. Mwaka 1955 Gould aliyaacha marudio hayo. Mwaka 1981 alipiga baadhi yake. Kwa hiyo sehemu ya dakika hizo 13 ni marudio, si hekima.

Nakubali kwamba kasi nayo ilibadilika. Aria ya mwanzo, isiyo na marudio katika rekodi zote mbili, ilikuwa chini ya dakika mbili, baadaye ikapita tatu. Lakini polepole si lazima iwe kina. Sikiliza mkono wa kushoto wa 1955: hata penye kasi kubwa, kila sauti inasikika wazi, kama watu wanaojibizana bila kukatizana. Tena vipande kadhaa viliandikiwa kinanda chenye safu mbili za vitufe. Kwenye piano, yenye safu moja, mikono hupandana na kugombea nafasi. Mwenye pupa asingepita hapo salama.

Wataniambia Gould mwenyewe aliikosoa baadaye. Kweli, aliikosoa. Lakini mtu mzima akizionea haya barua zake za ujanani, barua hizo haziwi za uongo.

Mimi pia nina miaka 22. Muhula uliopita mhadhiri mmoja alinirudishia insha akiwa ameandika pembeni: "Utaelewa ukikua." Hakuonyesha kosa hata moja. Ndiyo hukumu ileile: kuupima umri na kuiacha kazi. Kama kazi yetu ina kasoro, tuonyesheni ukurasa, tuonyesheni mstari, nasi tutasahihisha.

Mnatukumbusha kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Sawa. Lakini wahenga haohao walisema nyota njema huonekana asubuhi. Isikilizeni kwanza rekodi ya 1955, ndipo mhukumu.