Ini Linalojiotesha Upya na Gunia la Mahindi

Katika soko la Ntimaru, huku kwetu Kuria, mnunuzi hutia mkono ndani ya gunia hadi kiwikoni, akachota punje za chini, akaing'ata moja. Ikipasuka kwa mlio, mahindi yamekauka. Kipimo hicho kina maana, ila hakigundui sumukuvu, kwani haina ladha, na punje hung'aa huku imeibeba.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya ini, hasa ishara ambazo seli zake hupeana linapojiotesha upya. Wapo watakaouliza mambo hayo ya maabara yanamhusu nini mkulima wa Kuria. Yanamhusu sana, maana uwezo huo tunaousifu ndio unaotuponza sumu inapokula nasi kila siku.

Mwaka 1931 watafiti Higgins na Anderson waliwakata panya theluthi mbili ya ini. Katika wiki chache likawa limerudia uzito wake. Leo tunajua mengi kuhusu kinachoziamsha seli zilizotulia. Seli za Kupffer, walinzi wa vijia vya damu vya ini, hutoa ishara iitwayo intaleukini-6. Hiyo ikiifikia seli ya ini, protini ya STAT3 huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kujiandaa. Kichocheo cha HGF hushika kipokezi cha Met na kuisukuma seli igawanyike. Ini likitosha, TGF-beta ni mojawapo ya sauti zinazosema basi. Katika yote niliyosoma juu ya mwili, sijaona la kustaajabisha kuliko hili.

Sasa ingiza sumukuvu. Ini lenyewe huigeuza aflatoxini B1, mojawapo ya sumukuvu, kuwa kitu kinachonata kwenye DNA, na mara nyingi jeni inayoharibika ni p53, ile inayoizuia seli yenye kasoro isizaane. Seli iliyotulia hupata muda wa kujirekebisha. Lakini mtu mwenye homa ya ini aina ya B hupoteza seli mfululizo, na zilizobaki huamrishwa zigawanyike bila kupumzika, zikinakili kosa na kulirithisha. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa 1994 ulionyesha hatari ya saratani ya ini ikiongezeka kama mara 3 kwa sumukuvu pekee, mara 7 kwa virusi vya homa hiyo pekee, na karibu mara 60 vikikutana.

Kenya iliiona sumu hii mwaka 2004, ilipowaugulisha watu 317 na kuwaua 125, wengi wao Makueni na Kitui. Pale ini lilizidiwa ghafla, na taifa zima likasikia. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka ishirini hatangazwi na mtu.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha siku chache baadaye ikalegeza kwa sharti la cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwetu mpakani, ambako Wakuria wana ndugu Tarime, sharti hilo linamkuta mwenye lori. Debe linalovuka kwa pikipiki halikaguliwi, wala gunia lililovunwa hapahapa na kuanikwa juu ya udongo mvua ikinyemelea. Kuvu haijui mpaka, na ninaona ni kosa kuichukulia kuwa bidhaa ya kigeni.

Kwa hiyo tunaiomba serikali ya kaunti mambo mawili. Kwanza, kipima unyevu na kikaushio sokoni Ntimaru, ili mkulima asihifadhi mahindi kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Pili, dozi ya chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza, imfikie kila mtoto hapa, hata aliyezaliwa nyumbani, kabla ya zile za wiki 6, 10 na 14. Kipima unyevu kinaweza kununuliwa kabla ya mavuno yajayo.