Msimu wa Baiskeli 2026: Pogačar Bado Ndiye Bosi, Ila Afrika Inamsubiri Girmay

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla daladala za Tegeta hazijajaa, barabara ya Bagamoyo huwa na wenyewe. Wamevaa helmeti na kaptula za kubana, wanapita Mwenge, Tegeta, Bunju, wengine hawageuzi mpaka wafike Bagamoyo. Upande wa pili wa jiji, Mbagala, baiskeli ni nyingi zaidi ila zina kazi nyingine: trei za mayai, madumu ya maji, mkaa, mikate.

AFCON imeisha, Taifa Stars imefika 16 bora kwa mara ya kwanza, na gumzo la mpira limepoa kidogo. Kwa wale wa barabara ya Bagamoyo huu ndio muda wa ubishi wao: nani atatamba 2026 kwenye mbio za baiskeli za kulipwa?

Jibu la haraka ni Tadej Pogačar. Jibu refu lina utamu zaidi.

Alichokifanya Kigali

Septemba 2025 Rwanda iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5. Dar mpaka Morogoro haifiki hata kilomita 200. Halafu weka vilima: jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475. Ni kama mtu aanzie Coco Beach, apande Kilimanjaro, abakize mita 420 tu kufika kileleni.

Pogačar alichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Waliojaribu kwenda naye walikatika mmoja mmoja, akamaliza kilomita 60 na ushee za mwisho akiwa peke yake. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa wa pili, Ben Healy wa Ireland wa tatu. Waliomaliza mbio nzima walikuwa 30 tu.

Huyo ndiye mtu ambaye wengine wote wanapaswa kumpiga mwaka huu. Mslovenia huyo ana miaka 27 na Tour de France nne (2020, 2021, 2024 na 2025). Akichukua ya tano Julai hii anaingia kwenye meza ya Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain, watu wanne pekee wenye Tour tano.

Tour inaanza Barcelona tarehe 4 Julai na kumalizika Paris tarehe 26. Wapenzi wa mpira wasiogope. Kombe la Dunia litakuwa linaendelea Marekani, Kanada na Mexico mpaka tarehe 19, lakini mechi za kule nyingi zitachezwa usiku kwa saa za Tanzania. Hatua za Tour kwa kawaida huisha kati ya saa 12 na saa 1 jioni, kwa hiyo unaweza kula vyote viwili.

Nani wa kumsumbua?

Jina la kwanza ni Jonas Vingegaard wa Denmark. Ndiye pekee aliyewahi kumshinda Pogačar kwenye Tour wakiwa wote na nguvu zao, na alifanya hivyo mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Mwaka jana alikuwa wa pili Ufaransa, kisha akaenda Hispania akachukua Vuelta. Giro d'Italia ndiyo pekee inayomkosesha seti kamili ya mbio tatu kubwa, na hapo ndipo penye mtihani wake. Giro huchezwa Mei. Ukiitumia miguu yako yote milima ya Italia, Julai utafika na nini?

Evenepoel amehama. Ametoka Soudal Quick-Step alikokulia na kuingia Red Bull-Bora-Hansgrohe, timu yenye hela na yenye Mjerumani Florian Lipowitz, aliyemaliza wa tatu Tour ya 2025. Kwenye mbio za kukimbia peke yako na saa, Remco hana mpinzani. Kigali alimpita Pogačar barabarani, picha iliyozunguka sana kwenye simu za watu. Tatizo lake ni milima mirefu, siku ya tatu, siku ya nne, wakati mwili umeshachoka. Hapo bado hajamshawishi mtu.

Wa kumwekea jicho ni Mfaransa Paul Seixas. Ana miaka 19 tu. Mwaka jana kwenye mashindano ya Ulaya alimaliza wa tatu, nyuma ya Pogačar na Evenepoel. Ufaransa haijapata mshindi wa Tour tangu Bernard Hinault mwaka 1985, kwa hiyo unaweza kufikiria presha anayobebeshwa huyo dogo. Kushinda Tour mwaka huu? Hapana. Kuharibu mipango ya wakubwa kwenye hatua moja au mbili? Inawezekana kabisa.

Utabiri: Tour ni ya Pogačar, isipokuwa aanguke au augue. Ubishi wa kweli ni nafasi ya pili.

Pale anaposhikika ni kwenye mbio za siku moja. Ana karibu kila kitu, ila mpaka 2025 inaisha Milan–San Remo na Paris–Roubaix zilikuwa bado zinamkimbia. San Remo ni ndefu kweli, karibu kilomita 300, lakini kilima chake cha mwisho, Poggio, ni chepesi mno kwa mtu anayetegemea kuwaacha wenzake kwenye mwinuko. Roubaix nayo haina mlima, ina mawe. Huko mfalme ni Mathieu van der Poel wa Uholanzi, aliyeshinda 2023, 2024 na 2025 mfululizo. Akishinda tena Aprili anafikia rekodi ya ushindi mara nne, na atakuwa wa kwanza kushinda minne bila kukatisha. Mwaka jana Pogačar alijaribu Roubaix kwa mara ya kwanza akawa wa pili. Mtu anayekuwa wa pili mara ya kwanza huwa harudi kutalii.

Sasa turudi nyumbani

Biniam Girmay. Mtoto wa Asmara, Eritrea, miaka 25. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem, na kwenye Giro akashinda hatua, kisha kizibo cha chupa ya prosecco kikamruka jichoni jukwaani akalazimika kuacha mbio. Julai 2024 ndiyo ikawa yake. Alishinda hatua 3 za Tour de France, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja, na akafika mwisho na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi.

Halafu 2025 ikawa kavu. Ushindi sifuri. Hatua ya kwanza ya Tour alimaliza wa pili nyuma ya Jasper Philipsen, na hiyo ndiyo ikawa hadithi ya mwaka wake: karibu, karibu, hakuna.

Kilichofuata ndicho kinachofanya 2026 iwe ya uzito. Timu yake, Intermarché-Wanty, iliishiwa pumzi kifedha ikaungana na Lotto. Girmay akaondoka na kujiunga na NSN, timu iliyokuwa ikiitwa Israel-Premier Tech. Jina la zamani lilifutwa baada ya maandamano ya kuitetea Palestina kuifuata timu hiyo kwenye Vuelta, mpaka hatua ya mwisho Madrid ikashindwa kumalizika. Wenye timu sasa ni kampuni ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Andrés Iniesta, ndiyo, yule yule wa Barcelona. Na Tour inaanzia Barcelona. Hata mwandishi wa filamu angeona aibu kupanga hivyo.

Hii ina maana gani kwake? Intermarché alikuwa nyota wa timu ndogo. NSN amesajiliwa kama jina kubwa la timu inayotaka kusahaulisha yaliyopita, na timu ya namna hiyo inahitaji ushindi mapema. Asiposhinda kufikia Aprili maswali yataanza. Akishinda moja tu mapema, presha yote inashuka.

Kwa jezi ya kijani atakutana na Jonathan Milan wa Italia aliyeichukua mwaka jana, Philipsen, na Tim Merlier. Kwa spidi tupu kwenye barabara iliyonyooka, wote watatu wana nguvu kuliko Girmay. Yeye faida yake ni vilima vifupi. Akifika mwisho wa siku ambayo wale wanene wameachwa nyuma, hapo anakuwa hatari. Siku za mwanzo za Tour, zikianzia Catalonia kuelekea Pyrenees, si tambarare. Hatua moja ya Tour kwa Girmay ni utabiri wa haki. Kijani tena itakuwa ngumu.

Na wanawake wasisahaulike. Kim Le Court-Pienaar wa Mauritius, Bahari ya Hindi hii hii, mwaka jana alishinda Liège–Bastogne–Liège, akashinda hatua ya Tour de France ya wanawake na kuvaa jezi ya njano. Bingwa mtetezi wa Tour hiyo ni Mfaransa Pauline Ferrand-Prévot. Mwaka huu mbio hizo zinaanza Agosti mosi Lausanne, Uswisi, na zitapanda Mont Ventoux. Kwa ubingwa wa jumla Ventoux ni mrefu mno kwa Le Court. Kwa mbio za siku moja, mpe nafasi sawa na mtu yeyote. Kwa matokeo ya 2025, yeye ndiye Mwafrika aliyefanya makubwa kuliko wote, wanaume wakiwemo, na bado hatajwi sana.

Jirani yetu na somo lake

Mbio kubwa za karibu na Dar ni Tour du Rwanda, mwishoni mwa Februari. Hapa historia ina jambo la kutafakari. Kuanzia 2014 mpaka 2018 Wanyarwanda walishinda kila mwaka, miaka mitano mfululizo. Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja, timu kubwa zikaruhusiwa kuja. Tangu hapo hakuna Mnyarwanda aliyeshinda.

Waeritrea walichukua nne kati ya tano zilizofuata: Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfatsion 2020 na 2022, Henok Mulubrhan 2023. Halafu Ulaya ikaingia. Muingereza Joseph Blackmore akashinda 2024 akiwa na miaka 21, Mfaransa Fabien Doubey 2025. Timu za Ulaya zimegundua kuwa Rwanda ni mahali pazuri pa kupima vijana wao Februari: joto, mwinuko, vilima kila kona. Blackmore alitoka pale akaenda kushinda Tour de l'Avenir, mbio za vijana zinazotoa mabingwa wa kesho.

Kwa mwaka huu, mtu salama wa kumbashiria Kigali ni kijana wa Ulaya ambaye wengi hawamjui jina bado. Waeritrea watapata hatua. Wanyarwanda watapiganiwa na mashabiki barabarani kuliko mbio zozote duniani, lakini jezi ya njano itawapita tena.

Na Tanzania? Hakuna Mtanzania kwenye timu za daraja la juu duniani. Si kwamba watu hawajui baiskeli. Kanda ya Ziwa mbio za baiskeli zimekuwa zikijaza watu barabarani kwa miaka, na Shinyanga baiskeli inabeba abiria kama daladala. Kinachokosekana ni ngazi ya katikati. Baiskeli ya kiwango cha Tour dukani inaweza kupita shilingi milioni 30, na kijana wa Mbagala anayesukuma Fonix yenye mkaa wa gunia mbili hawezi kupima nguvu zake na mtu yeyote mpaka kuwe na mbio za kumpima. Kenya ilikuwa na David Kinjah, aliyewakusanya watoto Kikuyu na baiskeli za kuungaunga. Mmoja wa waliopita mikononi mwake alikuwa Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour mara nne, ingawa akiwa na bendera ya Uingereza.

Kigali si mbali. Wanaotoka Kanda ya Ziwa wanavuka Rusumo na kufika siku hiyo hiyo, na kusimama kwenye kilima cha Kimihurura kuangalia mbio hakuna kiingilio.