Chema Chajiuza: Tusiuziwe Matokeo ya Mtihani Kama Sabuni



Wahenga hawakukosea waliponena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Panda matatu pale steji ya Kitale uelekee Bungoma, upite Kiminini, Kamukuywa na Webuye, nawe utaiona elimu ikijitembeza kando ya barabara. Mabango ya shule ni mengi, na mengine yana alama ya wastani iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kuliko jina la shule yenyewe. Mzazi aliyetoka kuuza magunia yake ya mahindi anaisoma tarakimu ile, anatikisa kichwa na kusema, "Hii ndiyo shule!" Je, ni kweli ndiyo?

Maoni yangu ni kwamba sisi wananchi hatuvijui viwango vya elimu vilivyo. Tunachokijua ni kile tulichotangaziwa. Na tangazo zuri, mpenzi msomaji, si lazima liwe na uwongo ndani yake. Yatosha liseme nusu ya ukweli.

Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989. Kwa miaka mingi baadaye, kila matokeo yalipotoka, magazeti yalichapisha orodha ya shule bora, na watu waliisoma kama wasomavyo jedwali la ligi ya kandanda. Mwaka wa 2014, Waziri wa Elimu, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku upangaji huo wa shule. Je, mashindano yalikwisha? Wapi! Orodha rasmi iliondoka, vigelegele vikabaki. Kila shule ikawa mpiga debe wa gari lake yenyewe.

Hebu tuzitazame mbinu zenyewe. Ya kwanza ni picha. Matokeo yakitoka, mwanahabari huenda panapoimbwa. Mwalimu mkuu anabebwa juujuu, akina mama wanapunga matawi, na kamera inachukua. Sina kinyongo na furaha ya mtu aliyetoa jasho. Lakini shule ya kutwa iliyompokea mtoto wa alama 180 ikamfikisha gredi ya C haina wa kuipiga picha. Jirani yake iliyochagua watoto wa alama 400 na zaidi katika KCPE ikawapa B ndiyo inayoonekana runingani. Kati ya hizo mbili, ni ipi iliyofunza zaidi? Picha haiwezi kukujibu.

Mbinu ya pili ni nambari iliyochaguliwa. Tufanye hesabu kidogo, hata wale mnaoikimbia hisabati msiondoke. Tuseme shule ina watahiniwa 60 na wastani wa pointi 6, yaani jumla ya pointi 360. Sasa wanafunzi 10 wa gredi ya D, wenye pointi 3 kila mmoja, waambiwe warudie kidato cha tatu au wakatafute shule nyingine. Zinaondoka pointi 30, zinabaki 330 kwa watahiniwa 50. Wastani mpya ni 6.6! Shule imepanda kwa 0.6 na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Bango litaandika 6.6. Wale kumi hawataandikwa popote.

Ati nabuni? Rafiki yangu alikuwa katika shule moja ya huku kwetu ambayo sitaitaja. Alipofika muhula wa tatu wa kidato cha tatu, aliambiwa kwa upole kwamba "hafai kuwa mtahiniwa wetu." Baba yake alikuwa amelipa karo yote. Mwaka uliofuata shule hiyo ilisherehekea, naye akaisikia sherehe ile redioni akiwa nyumbani anapalilia maharagwe. Huyo ndiye anayelipia tarakimu za bango.

Mbinu ya tatu ni maneno makali yasiyo na maelezo. "Viwango vimeporomoka!" "Viwango vimepaa!" Tuukumbuke mwaka wa 2016. Mwaka uliotangulia, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi ya A katika nchi nzima. Mwaka wa 2016 walikuwa 141 tu. Je, akili za watoto wa Kenya ziliyeyuka kwa miezi kumi na miwili? La hasha! Baada ya wizi wa mitihani wa 2015, serikali ililivunja baraza la wakurugenzi wa KNEC, na Waziri Fred Matiang'i akakaza ulinzi wa karatasi za mtihani. Kwa hivyo ukisikia viwango vimeanguka au vimepanda, uliza kwanza ikiwa kipimo ni kile kile.

Vivyo hivyo mwaka wa 2023. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 201,133, na ilikuwa habari njema. Lakini mwaka huo huo njia ya kukokotoa gredi ilibadilishwa: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Tena waliopata E walikuwa 48,174. Mmewahi kuona bango la E?

Najua wapo watakaonipinga. Watasema shule isipojitangaza itakosa wanafunzi, na kwamba mzazi ana haki ya kujua pesa zake zinakokwenda. Nakubaliana nao kabisa. Mzazi ana haki ya kujua, na ndiyo sababu anastahili kuambiwa yote. Muuza ng'ombe pale soko la Chwele hakuonyeshi pembe peke yake. Utamzunguka ng'ombe, utamfungua mdomo, utatazama na kwato. Mbona shule ya mtoto tuinunue kwa kuona pembe?

Jambo hili halitakwisha pamoja na 8-4-4. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mtaala mpya una shule za sekondari ya juu zenye mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Wazazi wengi bado hawajui mkondo mzuri unatambuliwaje. Mahali ambapo watu hawana kipimo, mwenye sauti kubwa ndiye huwa kipimo. Debe tupu nalo haliachi kuvuma.

Basi tufanyeje? Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna kalamu na tuna ubao wa matangazo. Napendekeza matokeo yetu yajayo tuyabandike yote kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mzazi: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, waliofanya mtihani wangapi, waliotuacha njiani wangapi na kwa nini, na kila gredi ilipatwa na wangapi, kuanzia A hadi E. Siku ya tuzo, mmoja wetu asimame awasomee wazazi. Tukishafanya hivyo, tutakuwa na uso wa kuwaomba jirani zetu wa Kitale na Bungoma wafanye vivyo hivyo.

Mbinu za kuvuta watu si dhambi, jamani. Hata mimi nimewavuta kwa methali na ng'ombe wa Chwele! Ubaya ni kumvuta mtu huku umemfunga macho. Yeyote atakayenipinga na aandike, ukurasa uko wazi toleo lijalo. Natua kalamu.